MikroTik hEX RB750Gr3: rauta ya kuhostia gemu nyumbani, kwa walioko Arusha na Moshi

Anayetaka kuhosti Minecraft, Valheim au Counter-Strike kutoka chumbani kwake Njiro au Pasua ana kikwazo kikubwa kuliko rauta mbovu, nacho ni IP (anwani ya mtandao) isiyo yake. Ndiyo maana tathmini hii ya MikroTik hEX inaanza na kazi ya kufanya kabla ya kwenda dukani. Kuna watu watakaonunua kifaa hiki kizuri na kisiwafae kwa lolote.

Fungua ukurasa wa rauta uliyofungiwa na kampuni ya intaneti, nenda kwenye hali ya WAN (upande wa intaneti), soma IP iliyoandikwa hapo. Kisha ingia tovuti yoyote inayoonyesha IP yako, ulinganishe. Zikifanana, una IP ya umma, endelea kusoma kwa amani. Zikitofautiana, na ile ya kwenye rauta inaanza na 10 au iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, karibu hakika uko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni imewapanga wateja wengi nyuma ya IP moja. Ni kama S.L.P. moja ya shule nzima: barua imefika, lakini bahasha haina jina la mwanafunzi, inaishia ofisini. Ombi la rafiki yako linafika kwenye mitambo ya kampuni, linakosa wa kupelekewa, linatupwa. Ufungue poti zote (milango yenye namba ambayo programu hupokelea maombi) za rauta yako, hali haitabadilika.

Bando za simu na rauta za laini kwa kawaida ziko hivyo. Kwa faiba ya nyumbani inategemea kampuni na kifurushi. Ukipiga huduma kwa wateja, uliza hivi: "Naweza kupata IP ya umma, hata kama ni ya kubadilikabadilika, na inalipiwa shilingi ngapi kwa mwezi?" Usiulize kama wanaruhusu kufungua poti. Anayepokea simu atakujibu ndiyo, akimaanisha tu kwamba ukurasa wa kufungua poti upo kwenye rauta yao.

Sasa kifaa chenyewe. hEX RB750Gr3 ni kisanduku cheupe cha plastiki, milimita 113 kwa 89 kwa 28, kinaenea kiganjani. Kina poti tano za kuchomeka waya, za gigabiti, prosesa ya kore mbili ya MHz 880, RAM ya MB 256 na hifadhi ya ndani ya MB 16. Hakina waifai, na hili lisikupite, kwa sababu wengi wanagundua wakishafika nyumbani. Ukitaka waifai, chukua rauta yako ya zamani, zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), ipe IP kama 192.168.88.2, kisha chomeka waya kutoka hEX kwenye poti yake ya LAN (upande wa ndani), sio ya WAN. Ukichomeka kwenye WAN umejitengenezea NAT ya pili (ile kazi ya rauta ya kuficha vifaa vya ndani nyuma ya anwani moja), na simu za nyumbani hazitaiona seva kwenye orodha ya gemu za LAN.

Bei elekezi ya MikroTik, kampuni ya Latvia, ilikuwa dola 59.95. Juu yake weka usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Madukani angalia kibandiko cha chini ya kifaa, usitegemee jina la mdomo, maana wauzaji huita ndugu zake wote hEX. RB750r2 ni hEX lite, yenye poti za Mbps 100 na RAM ya MB 64; iache hapo hapo kaunta. RB760iGS ni hEX S, ambayo ina tundu la SFP (la moduli ya faiba), nayo ni nzuri. Kuna pia toleo jipya lenye namba E50UG, RAM ya MB 512 na prosesa ya ARM. Ukiikuta kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo. Maelekezo yaliyo hapa chini yanafanya kazi kwa zote.

Jambo la kwanza linalotufanya tuisifu hEX kwa mazingira yetu ni umeme. RB750Gr3 inapokea volti 8 hadi 30 za DC, ama kwenye tundu lake la adapta ama kupitia poti ya kwanza, kwa njia ya PoE ya kawaida isiyo na majadiliano. Adapta inayokuja nayo ni ya volti 24, lakini UPS ndogo ya rauta yenye volti 12 inaiendesha bila kigugumizi, na betri ya sola ya volti 12 pia. Inakula wati 5 hivi isipobeba kitu kwenye USB. UPS ndogo iliyoandikwa mAh 8800 kwa kawaida inahesabiwa kwa seli za volti 3.7, yaani saa-wati 32 au 33. Ukiweka hEX na kile kisanduku cha faiba, tuseme wati 15 kwa pamoja, hesabu ni saa mbili, na kiuhalisia pungufu kidogo. Kompyuta inayobeba seva ndiyo itakayokuangusha, kwa hiyo laptopu kuukuu yenye betri nzima ni seva bora kuliko desktopu yenye kadi kubwa ya picha. Seva ya Minecraft haihitaji kadi ya picha hata kidogo.

Jambo la pili ndilo sababu halisi ya kuinunua. Rauta nyingi za nyumbani zina ukurasa wa kufungua poti, na ni rahisi kuliko wa hEX. Kwenye TP-Link nyingi unaingia NAT Forwarding, unajaza mistari minne, basi. Shida inaanza pale isipofanya kazi, kwa sababu haikuambii kwa nini. hEX inakuonyesha. Kila kanuni ya NAT ina safu ya kuhesabu pakiti, na safu hiyo inamaliza ubishi wote wa "tatizo liko kwangu au kwao".

Mpangilio wa awali uko hivi: ether1 ni ya intaneti, nyingine nne ni za ndani, na rauta inapatikana kwenye 192.168.88.1. Jina ni admin; toleo la karibuni lina neno la siri kwenye kibandiko. Tumia Winbox, programu ya MikroTik ya bure, badala ya kivinjari. Ukiinunua mkononi, kwanza irudishe ilivyotoka kiwandani: shikilia kitufe cha reset huku ukichomeka umeme, taa ikianza kumetameta achia. Kisha sasisha. Matoleo ya RouterOS, mfumo wa MikroTik, hadi 6.42 yalikuwa na tundu la usalama kwenye Winbox lililojulikana kama CVE-2018-14847, na vifaa vya mitumba vyenye mfumo wa enzi hizo bado vinazunguka. Kutoka toleo la 6 kwenda 7, chagua njia ya "upgrade" kwenye System, Packages. Ikilalamika kukosa nafasi, ni zile MB 16; futa mafaili yaliyomo kwenye Files na ujaribu tena. Mwisho nenda System, Routerboard, bonyeza Upgrade, uiwashe upya.

Kama kampuni inakupa intaneti kwa PPPoE (unaingia kwa jina na neno la siri), ukitengeneza kiunganishi chake kwa mkono usisahau kukiingiza kwenye orodha ya WAN, kwa kuandika hivi kwenye Terminal ya Winbox, kama amri zote zilizo hapa chini:

/interface list member add list=WAN interface=pppoe-out1

Hapa ndipo watu wengi wanakwama bila kujua. Kanuni za awali za faiwoli na NAT zinaitazama orodha ya WAN, sio jina la poti. Kiunganishi kisipokuwemo, intaneti haitoki kwenda kwenye kompyuta, na mtu anaanza kuongeza kanuni zake hovyo mpaka faiwoli inabaki wazi.

Kufungua poti yenyewe ni hatua tatu. Kwanza, ipe kompyuta ya seva IP isiyobadilika. Nenda IP, DHCP Server, kichupo cha Leases, bonyeza kompyuta yako, Make Static, kisha weka anwani 192.168.88.50. Izime na kuiwasha kadi ya mtandao ya kompyuta ili ichukue anwani mpya. Pili, andika kanuni, hapa kwa Minecraft ya Java:

/ip firewall nat add chain=dstnat dst-address-type=local dst-address=!192.168.88.1 protocol=tcp dst-port=25565 action=dst-nat to-addresses=192.168.88.50 to-ports=25565

Tatu, ongeza hii ili waliomo ndani ya nyumba waingie kwa kutumia anwani ileile wanayotumia wa nje:

/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=192.168.88.0/24 dst-address=192.168.88.50 action=masquerade

Bila mstari huo wa tatu, mdogo wako aliye sebuleni ataambiwa seva haipo, wakati rafiki aliye Moshono anacheza vizuri. Sababu ni kwamba seva inamjibu mdogo wako moja kwa moja kutoka 192.168.88.50, ilhali kompyuta yake inasubiri jibu kutoka kwenye IP ya nje. Inalikataa jibu inaloliona la mgeni. Rauta nyingi za kawaida zinafanya hili kimyakimya. hEX inakutaka uliandike, na hiyo ni alama moja tunayoikata.

Kwenye faiwoli huhitaji kuongeza kitu. Kanuni ya mwisho ya kiwandani inazuia kila kinachotoka WAN isipokuwa kilichopita kwenye dst-nat, yaani kanuni yako ya kufungua poti. Ukikuta maelekezo yanayokuambia uongeze "accept" kwa poti ile ile, hayana madhara makubwa, ila hayahitajiki. Yanayokuambia uizime kanuni hiyo yakimbie.

Poti na itifaki (namna ya kusafirisha pakiti, TCP au UDP) ziwe sahihi, maana kosa la tcp badala ya udp linakula jioni nzima. Minecraft ya Java ni TCP 25565, ya Bedrock, ile ya simu na konsoli, ni UDP 19132. Terraria ni TCP 7777. Valheim ni UDP 2456 na 2457. Factorio ni UDP 34197, Palworld UDP 8211, Project Zomboid UDP 16261 na 16262. Seva za Counter-Strike hutumia UDP 27015. TCP ya namba hiyo ni ya kuiendesha seva kwa mbali, na ni heri ibaki imefungwa. Kwenye to-ports, kama poti ni zilezile, unaweza kutoijaza.

Kujaribu kuwe kutoka nje. Washa data ya simu, zima waifai, ingia kwa IP ya umma. Tovuti za kupima poti zinapima TCP peke yake kwa kawaida, na zitakuambia "imefungwa" kama seva haijawashwa, hata kanuni iwe safi kama maji. Washa seva kwanza.

Isipoingia, fungua IP, Firewall, NAT na utazame safu ya Packets ya kanuni yako huku rafiki akijaribu. Ukumbuke kwamba NAT inahesabu pakiti ya kwanza tu ya kila muunganiko, kwa hiyo namba ikipanda kutoka 0 hadi 1 au 2, hiyo ni habari njema. Imepanda na bado haingii: tatizo liko ndani. Kwa Windows, mara nyingi mtandao umewekwa kama Public na faiwoli yake inaizuia Java. Ruhusu programu ya Java, au badilisha mtandao uwe Private. Kwa Minecraft, angalia server.properties, mstari wa server-ip uwe mtupu. Haijapanda kabisa: pakiti hazifiki kwenye rauta. Thibitisha kwa

/tool sniffer quick interface=ether1 port=25565

na kama uko kwenye PPPoE weka pppoe-out1. Ukimya hapo maana yake ni CGNAT, au kampuni inaizuia poti hiyo, au kuna rauta nyingine mbele yako.

Hiyo ya rauta mbele yako ndiyo hali ya nyumba nyingi zenye faiba. Kisanduku alichofunga fundi, mara nyingi Huawei au ZTE, nacho ni rauta kamili yenye NAT yake. Dalili ni WAN ya hEX kuwa na anwani kama 192.168.100.5. Suluhisho bora ni kuomba kisanduku kiwekwe kwenye hali ya bridge (kipitishe tu, bila NAT), ili hEX ndiyo ichukue IP. Wakikataa, ingia kwenye kisanduku, uipe hEX anwani ya kudumu na uiweke kama DMZ. Kwenye Huawei iko chini ya Forward Rules. Kila ombi la nje linaangukia hEX, na kuanzia hapo kazi inafanyika sehemu moja. Kufungua poti mara mbili, kwenye kila kisanduku, kunafanya kazi pia, lakini baada ya miezi mitatu hutakumbuka ulibadilisha nini wapi.

IP ya umma inayobadilika haina tatizo. Andika

/ip cloud set ddns-enabled=yes

na MikroTik inakupa bure jina linaloishia na sn.mynetname.net, ambalo linafuata IP yako kila inapobadilika. Rafiki zako wanaliandika mara moja. Zaidi ya hapo, /ip cloud print itatoa onyo kama IP iliyoonekana nje si ile iliyo kwenye WAN yako, yaani kipimo cha CGNAT na NAT mbili kiko humo humo.

Kwa walionyimwa IP ya umma, RouterOS 7 ina WireGuard, njia ya kutengeneza handaki la mtandao. Unakodi seva ndogo yenye IP ya umma, unaiunganisha na hEX kwa handaki, ukiweka persistent-keepalive ya sekunde 25 ili CGNAT isilifunge, na poti inafunguliwa kule kwenye seva ya kukodi. Njia hii inatuma kila pakiti safari ya pili. Ukikodi Johannesburg, wachezaji wawili wa Arusha wanakutana Johannesburg, na kwa Counter-Strike utaisikia tofauti. Kwa Minecraft na Factorio inavumilika. Jingine: ili majibu yarudi kwenye handaki badala ya kutokea ether1, wengi huweka masquerade kwenye seva ya kukodi. Hapo wachezaji wote wataonekana kuwa na IP moja, na ukimfungia mmoja kwa IP umewafungia wote. Fungia kwa jina. ZeroTier, njia nyingine ya handaki ambayo wengi huipenda kwa urahisi, haipo kwa RB750Gr3 kwa sababu ya aina ya prosesa yake. Ipo kwa zile za ARM.

Wenye mabanda ya PS wana hitaji tofauti. Konsoli hazihitaji seva, zinahitaji aina ya NAT iwe 2 kwenye PlayStation ili mechi za mtandaoni zisikatike. Kufungua UDP 3074 kwa mkono kunasaidia konsoli moja tu, kwa sababu poti moja haiwezi kuelekezwa kwa mashine tatu. Tumia UPnP, kila konsoli ijichagulie poti:

/ip upnp set enabled=yes
/ip upnp interfaces add interface=bridge type=internal
/ip upnp interfaces add interface=ether1 type=external

Nyumbani kwenye kompyuta za kila aina hatushauri UPnP, kwa sababu programu yoyote iliyomo ndani, nzuri au mbaya, inaweza kujifungulia mlango.

Kisha kuna kulagi. Anayehosti anategemea kasi ya kupakia, sio ya kupakua. Kadiria kbps 200 hadi 300 kwa mchezaji mmoja wa Minecraft, uone kifurushi chako kinabeba wangapi. Kinachoharibu zaidi ni mtu mmoja nyumbani kupandisha video. Foleni inajaa na pingi ya wote inaruka. hEX ina CAKE, mpangaji wa foleni, kwenye RouterOS 7, na hapa inazishinda rauta nyingi za bei yake. Pima kasi yako halisi, punguza asilimia 10. Kwa aliyepima Mbps 10 za kupakia na 20 za kupakua:

/queue type add name=cake kind=cake
/queue simple add name=nyumba target=192.168.88.0/24 max-limit=9M/18M queue=cake/cake
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]

Mstari wa mwisho ni wa lazima. Fasttrack inazipitisha pakiti kando ya foleni, na ukiiacha utaapa kwamba CAKE haifanyi kazi. Gharama yake ni prosesa kufanya kazi zaidi, jambo ambalo kwa vifurushi vya makumi ya Mbps hutalihisi.

Poti ikishafunguka, wageni wasioalikwa watabisha hodi. Kwa Minecraft washa whitelist (orodha ya walioruhusiwa), na acha online-mode (ukaguzi wa akaunti) ikiwa true. Kwenye rauta zima huduma zisizotumika kwa /ip service disable telnet,ftp,www,api na usiifungue Winbox kwa nje hata ukishawishiwa vipi. Hifadhi mpangilio kwa /export file=hex-nyumbani, uburute faili hilo kwenye kompyuta.

Kuhusu uimara, udhaifu wake hapa kwetu ni radi za masika. Waya wa mtandao uliopita nje, kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani kwa mfano, unaingiza msukumo wa umeme moja kwa moja kwenye poti, na adapta nzuri haizuii hilo. Chomoa waya wa nje mvua ya radi inapoanza, au weka kinga ya radi ya waya wa mtandao iliyofungwa kwenye ethi (waya wa ardhini). Ikifa ether1 peke yake, kifaa hakijafa: itoe ether5 kwenye bridge (kundi la poti za ndani), iingize kwenye orodha ya WAN, uhamishie DHCP client au PPPoE huko. Kanuni zako za NAT hazitahitaji kuguswa hata moja, kwa kuwa hakuna iliyotaja ether1.